Kuajiriwa kuandika programu huria ukiwa Lamu, hatua kwa hatua

Kila nikikaa barazani na laptopu kuna mtu lazima aniulize, wewe dada hizo programu si za bure, sasa mshahara anakulipa nani? Ami yangu, fundi wa majahazi kule Matondoni, aliniuliza hivyo mwaka mzima, na mama yeye alishachoka akawa anawaambia watu "afanya kazi ya kompyuta" basi, asiulizwe zaidi. Kwenye simu nako swali ni lile lile, toka kwa vijana wa hapa Langoni mpaka Faza. Kwa hivyo naandika mara moja nimalize, mwengine akiniuliza namtumia hii.

Mimi nimeajiriwa na kampuni moja ya Ulaya, sitaitaja, kazi yangu asubuhi mpaka jioni ni QGIS, ile programu ya kuchora na kuchambua ramani ambayo mtu yeyote anaichukua bure, anaona ndani yake na anaibadilisha, hiyo ndo maana ya programu huria. Sio kwamba najua kila kitu, hapa naeleza njia niliyopita na mitego niliyokanyaga.

Kabla ya hatua yoyote, jua anayelipa analipia nini

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kampuni haikulipi kwa sababu unapenda programu huria, wala si sadaka. Chukulia kampuni imechukua QGIS, ikaibadilisha kidogo kwa ajili ya mteja wake, yale mabadiliko ikayaweka kwake ndani. Miezi minne ikipita toleo jipya latoka, maana QGIS hutoa matoleo matatu kwa mwaka, sasa lazima wakae chini wavibandike upya viraka vyao vyote (kiraka ni kipande cha mabadiliko ya programu) juu ya toleo jipya, vyengine havikai, vinagombana, mtu anapoteza wiki mbili. Miezi minne tena, hadithi ile ile. Mwanzo ni viraka vitano, baada ya miaka mitatu ni themanini na aliyeviandika ameshaacha kazi. Ikifika hapo ndo wanatafuta mtu ambaye anajulikana ndani ya mradi, avisafishe vile viraka avifikishe kwenye mradi wenyewe, vikishapokelewa huko vinatunzwa na watu wote na ule mzigo unawatoka kichwani. Huo mzigo ndo mshahara wako. Ukitafuta kazi tafuta mzigo uko wapi, usitafute tangazo.

Kuna sababu ya pili, kwamba kampuni kubwa zinalala juu ya programu hizi na hazitaki kuamka zimeungua. Machi 2024 Andres Freund, anayelipwa na Microsoft kufanya kazi kwenye PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, alikuwa akipima mambo yake akaona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungesema ni intaneti. Yeye akafukua mpaka akakuta mtu amepenyeza mlango wa wizi ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye kompyuta za Linux dunia nzima, na toleo lile lenye mlango lilikuwa njiani kuingia huko. Mtu kama huyo kampuni ikimlipa haijapata hasara.

Na usidhani ni watu wawili watatu. Linux yenyewe, mfumo huria wa kuendesha kompyuta ulioanza 1991 kama kazi ya mwanafunzi, leo sehemu kubwa ya viraka vyake vinaandikwa na watu walio kazini, wanalipwa na Intel, Red Hat, Google na wengineo. Daniel Stenberg aliishikilia curl, programu ya kupeleka na kuchukua data mtandaoni, miaka na miaka kama kazi ya pembeni, ni 2019 ndo alipoanza kuifanya muda wote akilipwa na kampuni ya wolfSSL.

Hatua ya 1: chagua mradi mmoja unaoutumia wewe mwenyewe

Mmoja. Sio kumi. Na uwe unautumia kweli, manake usipoutumia hutajua unaumia wapi.

Mimi nilianza na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu Lamu, na nilikuwa nasaidia kikundi kimoja kuipima, tunaenda na mashua maji yakijaa, mmoja anashika utepe, mwengine anaandika, mimi jioni natia kwenye kompyuta. Nikawa na safu mbili kwenye jedwali, moja "urefu_wa_mti" na nyengine "urefu_wa_mizizi". Nikahifadhi kama shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, nikafungua tena, nakuta ya kwanza inaitwa "urefu_wa_m" na ya pili "urefu_wa_1". Nikadhani nimeharibu. Nikamtumia mwenzangu, naye akachora ramani nzima ya mizizi akidhani ni miti, tukaipeleka kwenye mkutano hivyo hivyo, ikawa kicheko.

Nikaenda kwa hasira kuripoti hitilafu. Mtunzaji mmoja, yaani mmoja wa wale wanaoushika mradi na kupokea viraka, akanijibu kwa upole kabisa kwamba hiyo si hitilafu ya QGIS, ni faili lenyewe, shapefile halikubali jina la safu lipite herufi kumi, ndo maana tangu toleo la 3.0 la 2018 wanakupendekezea GeoPackage, aina mpya zaidi ya faili, badala yake. Ningeweza kuona haya nikaondoka. Nikamuuliza, mbona maelezo kwenye mwongozo hayasemi hivi waziwazi pale mtu anapohifadhi? Akasema, yaandike wewe. Nikaandika sentensi mbili. Zilikataliwa mara tatu, mara nukta iko vibaya, mara mfano mrefu, mara ya nne zikaingia. Sentensi mbili tu, na jina langu likawa ndani ya mradi.

Hatua ya 2: fanya kalafati kwanza

Ami kule Matondoni hampi kijana mgeni msumeno. Anampa pamba na mafuta ya sifa, akae chini ya jahazi azibe mianya ya mbao, siku nzima kichwa kimeinama. Kazi haionekani lakini jahazi bila hiyo linazama, na fundi huku anakuangalia, huyu anaruka mianya ama haruki? Huku nako ni hivyo hivyo. Kalafati ya programu huria ni hizi kazi ambazo watunzaji wamechoka nazo: kurudia hitilafu zilizoripotiwa na wengine uone kama kweli zinatokea, kuandika hatua za kuzirudia, kurekebisha maelezo, kuandika majaribio, kujaribu kiraka cha mtu mwengine na kusema kwako kinafanya kazi ama hakifanyi.

Hii ya kurudia hitilafu za wengine naisisitiza kuliko zote. Mimi nilifanya miezi kama minane, jioni mbili kwa wiki, nafungua ripoti ambayo mtu ameandika tu "imeganda", namuuliza toleo gani, faili gani, natafuta mpaka napata, naandika: ukifanya hivi, halafu hivi, inaganda. Baada ya hapo anayejua kuitengeneza anaitengeneza kwa dakika kumi. Wale watu wananikumbuka mpaka leo. Na mwenyewe nikajifunza msimbo uko wapi bila mtu kunifundisha, kwa sababu kila hitilafu ilinipeleka faili tofauti. (Msimbo ni maandishi yenyewe ya programu, nasema hivyo kwa sababu nikisema kodi watu wa huku wanadhani ya nyumba ama ya serikali, na ya serikali tutaifikia hapa hapa.)

Jambo la laptopu na stima. QGIS imeandikwa kwa lugha za programu C++ na Python, kuijenga yote toka mwanzo, yaani kuugeuza msimbo uwe programu inayofunguka, kwenye laptopu dhaifu ni kazi ya masaa, mimi nilikuwa naianzisha baada ya Isha nalala nayo inaunguruma, na stima ikikatika usiku wa manane asubuhi unakuta haijaisha. Ukiwa huna mashine nzuri anza na maelezo, ama na vipachiko vya Python, vile vijiprogramu vya kuiongezea QGIS kazi, ambavyo havihitaji kujenga kitu. Bando nalo: usishushe historia yote ya mradi, kwa git, programu ya kushusha msimbo na kutunza historia yake, andika `git clone --depth 1` upate hali ya sasa tu, tofauti yake utaiona kwenye salio. Historia utaihitaji baadaye, hatua ijayo, hiyo ishushe siku uko kwa mtu mwenye waifai.

Hatua ya 3: angalia nani analipwa

Ukishashusha mradi na historia yake, andika hii:

`git shortlog -sne --since=1.year`

Inakupa orodha ya walioingiza viraka mwaka uliopita, idadi kwa kila mtu, na imeili zao. Sasa soma mikia ya zile imeili, baada ya alama ya @. Mkia wa kampuni ukijirudia kwa watu watatu wanne, hapo pana mzigo, hapo pana bajeti. Hii ni ramani ya ajira na imekaa wazi, watu hawaiangalii wanakimbilia matangazo.

Kampuni hizo ni za aina tatu hivi. Kuna zinazouza huduma juu ya programu yenyewe kama Red Hat, ile IBM iliyoinunua kwa dola bilioni 34, ununuzi ukakamilika 2019. Kuna zinazoitumia kwa biashara zao nyengine, hizi ni kubwa, zinalipa vizuri ila mlango mwembamba na mara nyengi wanataka uhamie kwao. Halafu kuna zile za washauri, wanalipwa na wateja waboreshe programu huria: Igalia ya Uhispania ambayo wafanyakazi wenyewe ndo wenye mali, Collabora ya Uingereza, na kwenye mambo ya ramani kuna Kartoza ya Afrika Kusini. Kwa mtu aliye kisiwani mimi ningeanza na hii aina ya mwisho, wamezoea watu wa mbali, na Ulaya tofauti ya saa na sisi ni moja mpaka tatu tu, hutaamka usiku.

Ukiwa bado mwanagenzi kabisa kuna mafunzo ya kulipwa ya Outreachy, mara mbili kwa mwaka, miezi mitatu, posho dola 7,000, ni kwa ajili ya watu wanaobaguliwa ama wachache kwenye fani hii, na Google Summer of Code iliyoanza 2005. Zote mbili hawaangalii cheti, wanaangalia ulichochangia kabla ya kuchaguliwa. Hatua ya 2 tena hiyo.

Hatua ya 4: kuomba

Fupi. Sivii ukurasa mmoja, na juu kabisa weka viungo vitano vya kazi zako zilizopokelewa, kila kimoja na sentensi moja: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini. Kimoja kiwe ni mahali ambapo mlibishana na mkakubaliana vizuri, manake wanataka kuona unakosolewa vipi. Mwandikie mtu ambaye mmeshafanya naye kazi ndani ya mradi, sio ofisi ya ajira. Mimi niliandika hivi tu: "Naona mmeingiza viraka vingi vya sehemu ya kuhifadhi mafaili mwaka huu na kuna vitatu bado vimekwama. Nimevijaribu vyote, hiki cha pili najua kwa nini kimekwama. Mnatafuta mtu?" Akanijibu siku ile ile.

Sasa intavyu, na hapa nina kidonda. Kabla ya hawa niliowapata, nilikuwa na intavyu na kampuni ya California, wakasema saa tatu asubuhi kwao, nikapiga hesabu ni saa mbili usiku kwetu. Bas. Nikasali Isha, nikavaa vizuri, mama kawafukuza watoto wote wa ndugu yangu nyumbani, nikakaa saa mbili kasoro dakika tano. Hakuna mtu. Kumbe ilikuwa Machi, na Wamarekani Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, sisi hatusogezi, kwa hivyo saa tatu yao ikawa saa moja usiku yetu. Walinisubiri dakika ishirini wakaondoka. Niliandika kuomba radhi, hawakujibu mpaka leo. Kwa hivyo siku zote waandikie saa kwa UTC, ile saa ya dunia isiyosogezwa, sisi ni UTC na tatu mwaka mzima, Machi, Oktoba na Novemba hesabu mara mbili. Na ukiongea na mtu wa huku asichanganye saa mbili ya Kiswahili na ile ya kwenye simu, nimeona na hiyo.

Hatua ya 5: mkataba, usome mpaka mwisho

Hapa usione haya kuuliza, hata ukionekana msumbufu. Mimi wa kwanza walionipa ulikuwa na kifungu kinasema kila kitu nitakachoandika "wakati wowote" ni mali yao. Wakati wowote! Yaani hata ile programu ndogo niliyomwandikia ami ya kuhesabu mbao. Chini ya sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, ndani ya kazi hiyo, tayari inahesabiwa ni ya mwajiri, kwa hivyo hawahitaji kuchukua na ya usiku. Nikawaomba waandike: vya kazini ni vyenu na vitatoka kwa leseni ya mradi, vya usiku na Ijumaa jioni ni vyangu. Wakabadilisha bila neno.

Uliza na haya, na yaandikwe. Muda kiasi gani ni wa mradi wenyewe na kiasi gani ni wa wateja? "Muda wote" inaweza kumaanisha siku nne za wateja na moja ya mradi, ni sawa tu lakini ujue mapema. Mradi ukinipa haki ya kuingiza viraka, ile haki ni yangu ama ya kampuni? Jibu ni yako, mradi unakuamini wewe, lakini liandikwe. Nikiona kiraka cha kampuni hakifai mradi, naruhusiwa kusema hadharani? Mkifika hapa utamjua mwajiri. Na likizo: wengi wanakupa sikukuu za nchi yao, mimi nilibadilisha Pasaka zao kwa Idd mbili na siku za Maulidi, manake Maulidi Lamu hata ukitaka kufanya kazi hutaweza, mji mzima uko nje.

Halafu kodi, ile ya serikali. Kampuni ya nje ikikuchukua kama mkandarasi, unawapelekea invoisi wanatuma pesa benki, hakuna anayekukata kitu, zote zinaingia mkononi. Zikiingia usizione zote zako. Mimi theluthi naihamisha siku hiyo hiyo akaunti nyengine. Ritani ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mwisho ni Juni 30, na kama kodi yako ya mwaka inafika shilingi 40,000 unatakiwa kulipa kwa awamu, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka wa kwanza sikujua habari ya awamu, nikaja kulipa na faini juu. Kama wanakuajiri kupitia kampuni ya hapa Kenya inayoshika mishahara, hapo unakatwa kama mwalimu ama daktari, unapata kidogo mkononi lakini unalala. Bima ya afya usiisahau, mkandarasi anajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mwenyewe.

Hatua ya 6: ukishaingia, kofia mbili

Wiki ya pili mwenzangu wa kazini alileta kiraka kikubwa, mteja anakisubiri, na meneja akaniandikia, wewe si una haki ya kukubali, kikubali basi tumalize. Kilikuwa kizuri kwa asilimia tisini. Ile kumi iliyobaki ingevunja mafaili ya zamani ya watu wengine. Nikakaa nikaangalia bahari kidogo, punda wakapita na mawe, nikamjibu kwamba cha mtu wa kampuni yetu sikikubali mimi, akikague mtu wa nje, na sehemu ile ya mafaili ya zamani irekebishwe kwanza. Alikasirika siku mbili. Kiraka kiliingia wiki tatu baadaye kikiwa safi, na hakijarudi na malalamiko. Ningekipitisha, watunzaji wengine wangeniona ni muhuri wa kampuni, na siku mradi usiponiamini hata kampuni hainihitaji tena, si ndo sababu walinichukua?

Kwa hivyo jizoeze kusema kabla ya kuongea, hapa naongea kama mtu wa kampuni, hapa naongea kama mtunzaji. Mambo ya wateja hayaendi kwenye majadiliano ya wazi. Mambo ya mradi usiyamalizie kwenye kikao cha ndani cha kampuni halafu uwaletee wenzako uamuzi, wanachukia hiyo, na wana haki.

Na jambo la vitendo ambalo nililifanya kuchelewa: kampuni hubadilisha bajeti, leo wanaipenda programu yako kesho wana mapenzi mengine, na wakikuaga imeili ya kazi hufungwa siku ile ile. Kama akaunti yako ya GitHub, ile tovuti miradi inapoweka msimbo wake, imefungwa kwa imeili hiyo peke yake, umetoka na jina lako limebaki ndani. Ingia sasa hivi kwenye mipangilio, ongeza imeili yako binafsi, iweke ndo ya msingi, na zile namba za dharura za kuingilia ziandike kwenye karatasi. Zangu ziko kwenye sanduku la mama, chini ya kanga.